Mzigo Uliovuka Kizingiti

Kisu kilikuwa kinakata mno. Kosa lenyewe lilianza hapo, na lilikuwa dogo kiasi kwamba Levina alicheka. Mashine ya kukata stika inatakiwa ikwaruze ngozi ya juu tu, ile yenye rangi, na kuiacha karatasi ya nyuma ikiwa nzima, ili herufi zibanduliwe na kubandikwa kwenye kioo cha gari au mlango wa duka. Hii mpya ilipasua vyote viwili. Mraba wa majaribio, wenye pembetatu ndani yake, ulidondoka sakafuni pamoja na karatasi yake.

"Punguza presha," alisema Levina.

"Nimeshapunguza, Mama Recheli. Iko gramu themanini."

"Basi kisu umekitoa sana."

Tobias, mumewe, alikuwa mmoja wa wale mafundi wanaofungua redio ya jirani kabla hawajaombwa. Alikichomoa kisu, akakirudisha ndani ya kishikio mpaka ncha ikawa haionekani vizuri, akajaribu tena. Kikapasua. Akalegeza vigurudumu vinavyobana stika, akabadilisha waya wa kompyuta, akashusha presha hadi sitini, hadi thelathini. Mwishowe akaweka sifuri, na kisu chenye presha ya sifuri kikapita kwenye stika na karatasi, kikachimba mfereji kwenye utepe wa plastiki uliolala chini yake.

Hapo Levina aliacha kucheka.

Mashine ilikuwa imeingia asubuhi ileile. Tobias aliipokea stesheni na kuibeba kichwani mpaka dukani kwao, yaani chumba cha mbele cha nyumba ya Bi Lamya, nyumba ya zamani yenye kuta nene za udongo na mlango wa nakshi, ambamo babu wa babu yake Bi Lamya alikuwa akihifadhi mali za misafara. Bi Lamya alikuwa mwenye nyumba mwema. Siku ya kuwapangisha aliwapa sharti moja tu: mtu haingii humu na mzigo kichwani. Atuliwe barazani kwanza, kisha mzigo uingizwe kwa mikono ya watu wawili. Levina aliitikia kwa heshima, na moyoni akasema haya ni ya wazee, tuwaachie wenyewe.

Basi asubuhi ile mvua ilikuwa inamwagika, baraza linavuja kila upande. Tobias alisimama kizingitini na boksi lake, akasema, "Nitue." Levina aliona maji yanalinyemelea boksi, akafikiria vyuma na nyaya zilizomo, akamjibu kwa sauti, "Ingia nao tu, mashine italowa!"

Akaingia nao.

Kesho yake Tobias aliamka na shingo iliyokaza. Alisema ni boksi lile, akapakwa dawa ya kuchua, akarudi kwenye mashine yake. Siku ya pili hakuweza kutazama juu ya usawa wa meza. Siku ya tatu kidevu kiligota kifuani. Hospitalini walimpiga picha, na daktari aliishika ile picha kwenye mwanga. Pingili za shingo zilikuwa zimekandamizwa, na zilionekana kama za mtu aliyebeba magunia miaka arobaini.

"Mzee anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Anabandika stika," alisema Levina, na machozi yakamtoka palepale, mbele ya wagonjwa wengine.

Dukani kulikuwa na harufu sasa, jasho la siku nyingi na ngozi mbichi. Kulikuwa na pumzi pia. Ukinyamaza ungemsikia mtu akihema karibu na mashine, taratibu, kwa meno yaliyobanwa, mtu asiye na nafasi ya kuvuta hewa yote. Levina alikemea kwa jina la Yesu, akaimba nyimbo zote za Moravian anazozijua. Pumzi ilingoja amalize, ikaendelea.

Siku ya nne, saa nane mchana, umeme umekatika mtaa mzima, Levina akiwa amepiga magoti mbele ya mumewe akimnywesha uji kwa kijiko kwa sababu mdomo haukufunguka tena sawasawa, mashine iliwaka yenyewe, waya wake ukiwa umelala sakafuni ambako hakuna tundu la umeme, na vigurudumu vikaanza kuzunguka, na kisu kikaenda na kurudi, kikaenda na kurudi, roli nzima ya stika nyeusi ikatoka ikijikunjua juu ya meza, ikashuka chini, ikapita katikati ya miguu yao kuelekea ndani ya nyumba, na kila ilipofika hatua moja kilikuwa kimekatwa kitu juu yake, na Levina alipoinamisha uso kutazama aliona ni wayo wa mtu, mguu mtupu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia, vidole vimetanuka kwa kuelemewa, na kila wayo ulikuwa umekatwa kwa kina kuliko uliotangulia.

Alikimbilia uani kumwita Bi Lamya.

Bi Lamya alikuja na chetezo cha ubani mkononi. Hakuzitazama zile nyayo. Alitazama kioo kidogo cha mashine, pale panaposomeka presha. Mashine ile mwisho wake ni gramu mia tano. Pale paliandikwa 34,000.

"Kilo thelathini na nne," alinong'ona Levina.

"Frasila mbili na ushei," alisema Bi Lamya. "Pembe moja ya ndovu, mwanangu. Huo ndio mzigo wa mpagazi mmoja. Mumeo aliingia na mzigo kichwani, siyo? Sema kweli."

"Ni mimi niliyemwambia aingie."

"Ya Rabi." Bi Lamya aliketi kwenye stuli. "Kuna mmoja aliwekwa humu anaumwa, zamani hizo. Walimkataza kutua mpaka mali ihesabiwe. Mhesabuji hakuja. Alifia hapo, amesimama, amejiegemeza ukutani, na mzigo wake kichwani. Sisi tunamfukizia, tunamwomba radhi, anatulia. Lakini hakuna aliyewahi kuingia humu na mzigo kichwani tangu siku hiyo. Mimi sina dawa ya hili. Mwite Bibi Koleta wa Ipuli."

Bibi Koleta aliletwa kwa bodaboda. Alikuwa kikongwe mwenye rozari shingoni, Mkatoliki asiyekosa misa, na wafumu, waganga wa jadi, wote wa Unyamwezi walimjua kuwa ni mwenzao. Aliweka kiganja hewani, shubiri moja juu ya kichwa cha Tobias, akakiondoa upesi.

"Huyu hafukuzwi," alisema. "Utamfukuza mtu aliyechoka? Anachotaka ni kutua."

"Basi tumtue, bibi!" alilia Levina. "Tuuweke chini!"

"Ukigusa chini, mumeo anakufa. Mzigo wa msafara haukuguswa na udongo wa ghala bila ruhusa, na mwenye ruhusa kashaoza. Unatoka kichwa kwenda kichwa. Apatikane mwingine aseme kwa mdomo wake mwenyewe, 'Lete nikutue.' Halazimishwi, haongopewi. Akishaupokea autoe humu, atembee nao kwenda pwani ulikokuwa unakwenda. Asisimame. Akisimama ndipo unapomlalia, kama unavyomlalia huyu."

"Pwani ya wapi? Kwa miguu?"

"Wenzako walikwenda kwa miguu."

Tobias alitoa sauti kutoka kifuani. Ilikuwa vigumu kuielewa, ila Levina alikuwa ameishi naye miaka kumi na tisa. Alikuwa anasema hapana.

"Nyamaza, Baba Recheli," alimwambia kwa upole. Alivua khanga ya begani, akaisokota ngata, akaiweka kichwani. Alikuwa anaogopa hasa, na alijua kwamba akingoja woga upungue hatafanya. Akapiga magoti, akasogeza kichwa chake mpaka kikagusana na cha mumewe. "Lete nikutue."

Ulikuja wote kwa pamoja. Meno yake yaligongana, macho yakajaa giza, na juu ya ngata alihisi kitu kirefu, laini, baridi, kinachotafuta mahali pa kukaa sawa. Kisha kikakaa. Nyuma yake alimsikia Tobias akivuta pumzi ndefu na kulia kwa sauti ya mtu mzima. Kwenye meza kisu kilikata mraba na pembetatu ndani yake, ngozi ya juu peke yake, safi kabisa.

Levina alikwisha kutoka nje.

Alitembea mchana ule na usiku wote, akifuata reli kuelekea mashariki. Tobias alimfuata hatua kumi nyuma, amenyooka shingo, analia, anamsemesha. Alijaribu kusema "lete nikutue," zaidi ya mara moja, na kila mara Levina alimpigia kelele anyamaze, akakaza mwendo. Tobias alimnywesha maji wakiwa wanatembea. Miguu ya Levina ilivimba, kisha ikapasuka. Kulipokucha alikuwa hakumbuki tena kwa nini alikataa kupokewa, alikumbuka tu kwamba pwani bado ni mwezi mzima wa kutembea, na kwamba goti la kushoto halikunjiki. Alitamani kufa, na aliogopa kufa, maana akifa barabarani mzigo ungerudi kwa nani?

Igalula waliifikia jua likiwa limepanda. Kando ya stesheni mama mmoja alikuwa amepanga visado vya karanga kwenye turubai. Alikuwa kijana, na mjamzito, wa miezi minane labda. Watu wengine wote pale walimtazama Levina kama wanavyomtazama kichaa. Mama yule aliinuka kwa kujishika kiuno, akatazama juu ya kichwa cha Levina, juu kabisa, kisha akaufuata kwa macho urefu wa kitu kile toka mbele hadi nyuma.

"Jamani, dada," alisema kwa huruma ya kweli. "Pole na mzigo. Pembe yote hiyo unaibeba peke yako?"

Midomo ya Levina ilikuwa imekauka.

Mama yule alipangusa viganja kwenye khanga yake, akanyoosha mikono. "Lete nikutue."

Levina aliliona lile tumbo. Aliliona vizuri. Kisha akapiga magoti.

Hatua kumi nyuma, Tobias alifungua mdomo apige kelele. Akamtazama mkewe, akaufunga.