Bampa la Nadra

Saa nne asubuhi Darajani hapapitiki. Wauza mchicha wameshuka na matenga yao mpaka barabarani, wauza ndizi wanashindana kwa sauti, na siku ile katikati ya vurumai hiyo alikuwapo Nadra, amechuchumaa mbele ya Suzuki yake ndogo ya kijani, akilifunga bampa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Baibui alikuwa amelikunja kiunoni juu ya suruali, mtandio wa rangi ya ndimu umemteleza begani, na madereva nyuma yake wakipiga honi bila huruma.

"Bibie, hiyo gari au mbuzi wa Idi?"

Aliinua uso. Mbele yake alisimama mwanamme mrefu, ovaroli ya buluu iliyofifia, mikono ina mafuta mpaka viwikoni, meno yote nje.

"Mbuzi," alijibu Nadra. "Na kama wewe si mchinjaji, nipishe."

Mwanamme alicheka, akachuchumaa naye, akalifunga lile bampa likatulia. Jina lake Ridhwan, gereji yake Mwanakwerekwe. Akauliza gari imegonga nini. Nadra akamweleza kuwa amegonga jiwe huko Makunduchi, kwani maji yakipwa huishusha Suzuki mpaka pwani kupakia magunia ya mwani anaonunua kwa akina mama wa huko. Mwani huo huutengenezea sabuni, akaziuza katika kiduka chake kilichojibana kwenye uchochoro wa Kiponda.

"Basi wewe unataka bampa la kazi," alisema Ridhwan. "Nipe namba yako tulizungumze."

Kulizungumza! Wengine hutongozana kwa mashairi na maua. Hawa wawili walitongozana kwa bampa, liwe la chuma au la alumini, na sijui kama waliwahi kumaliza simu moja bila ya kulitaja.

"Umekula, laazizi?" huanza Ridhwan.

"Nshakula. Ushaamua?"

"Mie nlishaamua zamani. Chuma, roho yangu. Ng'ombe akikurukia njiani, chuma kinabaki na ng'ombe anajuta."

"Na chumvi je? Kutu itakila hicho chuma chako mchana kweupe. Halafu gari yangu nyepesi. Ukiitundika chuma puani, itachimba mchanga izame."

"Alumini itajikunja kama sufuria, Nadra."

"Ijikunje. N'takuletea uikunjue."

"Kila siku?"

"Ukitaka kila siku, n'tagonga kila siku."

Hapo Nadra hujichekea peke yake dukani mpaka wateja wakamtazama. Alikuwa amependa, hilo halifichiki. Alipenda hata ile harufu ya petroli aliyokuja nayo Ridhwan, kila akipita kununua sabuni ambazo kwa idadi zingemtosha kuosha gereji nzima.

Siku moja akamwambia kwa utulivu, "Ridhwan, nimefikiri. Alumini."

"Haya, mama. Niachie gari."

Akamwachia, akavuka kwenda Pemba kumwona ndugu yake aliyejifungua. Aliporudi alimkuta baba yake, Mzee Abdulrazak, amekaa barazani uso umemng'aa. Bi Mize, shangazi yake Ridhwan, alikuwa amekuja kuposa. Maneno mazuri, adabu nzuri, na kijana kaulizwaulizwa mtaani, hana doa.

"Tunangoja neno lako tu, mwanangu," alisema mzee.

Nadra aliinama kwa haya, moyo unamruka. Akasema ataleta jibu jioni, maana kwanza alitaka kumwona mwenyewe. Akavaa baibui jipya lenye nakshi mikononi, akajifukiza udi, akaenda Mwanakwerekwe kuchukua gari.

Suzuki ilikuwa uani imeoshwa. Mbele yake limekaa bampa jeusi, nene, pana kupita gari yenyewe. Nadra aliligonga kwa ukucha. Chuma.

"Nini hiki?"

"Nimelichomelea kwa mkono wangu, nikalifunga kwa nati!" Ridhwan alijitokeza anapangusa mikono, furaha tele. "Nlitaka kukushtua."

"Umenishtua. Nlisema alumini."

"Najua, mpenzi. Lakini mie ndo fundi."

"Na mie ndo dereva. Umesema 'haya', nikaondoka, ukafanya lako. Hukunisikiliza kwenye bampa, Ridhwan. N'kishakuwa mkeo, utanisikiliza kwenye nini?"

Nadra akapanda gari akaondoka, na nyumbani akamwambia baba yake asimjibu Bi Mize kitu.

Siku zile zilikuwa mbaya. Ridhwan alipiga simu asubuhi, akapiga adhuhuri, na Nadra hakuipokea. Alilia, tena sana, na sabuni za wiki hiyo zikakatwa ovyo ovyo. Kilichomuumiza ni kwamba bado alimpenda. Lakini alikuwa ameona wanawake wengi walioamuliwa kila kitu na waume wanaowapenda, mpaka rangi ya pazia, na hakutaka kuwa mmoja wao hata kwa Ridhwan.

Mwani lakini haungoji mtu amalize kulia. Maji yalipopwa Nadra aliteremka Makunduchi, akapakia magunia, akatia gia. Gari ikaenda hatua chache, ikainamisha pua, na lile bampa likaingia mchangani kama jembe. Akina mama wakashuka kusukuma. Wakashusha magunia, wakachimba kwa mikono, wakasukuma tena. Haikutoka. Na kule mbali, mstari mweupe wa maji ulikuwa umeanza kurudi.

Simu ikalia. Ridhwan, kama kawaida yake. Nadra aliyatazama maji, akaitazama simu.

"Nadra, nakuomba tu unisiki..."

"Usiseme kitu. Chukua spana uje Makunduchi. Gari imezama na maji yanajaa."

"N'nakuja."

Alikuja na pikipiki ya kuazima, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza wala hakujitetea. Alipiga magoti kwenye maji yaliyokwisha kufika kwenye ringi, akaingiza mikono chini, akaanza kufungua nati moja moja. Ya mwisho ilikataa. Wimbi likampiga usoni, akatema maji, akakaza meno na kuivuta spana kwa uzito wake wote. Bampa likaanguka, na akina mama wakalibeba kulipeleka juu.

"Washa!" alipiga kelele.

Nadra akawasha. Gari ikatetemeka, ikainua pua, ikapanda mchanga mkavu kwa vigelegele vya pwani nzima. Alizima injini, akalaza kichwa kwenye usukani, akavuta pumzi aliyohisi kama alikuwa hajaivuta tangu Mwanakwerekwe.

Ridhwan alisimama nje ya mlango, maji yanamchuruzika.

"Ulikuwa na haki," alisema. "Mie gereji naletewa waliogonga. Wasiogonga siwaoni. Kila pua iliyobonyea nikakuona wewe ndani. Nkaogopa, nkajifanya najua."

"Ungeniambia unaogopa."

"Nlikuwa sijui kusema. Nlijua kuchomelea. Asubuhi nimemrejesha shangazi kwa baba yako. Posa tumeiondoa."

Nadra akainua kichwa. "Umeiondoa?"

"Nimeiondoa kwa sababu mwenyewe sikukuuliza. Nlimtuma mtu kwa baba yako kabla ya kuja kwako." Akajifuta uso kwa mkono wenye mchanga, akauchafua zaidi. "Sasa nakuuliza wewe. Ukisema hapana, n'takufungia alumini vizuri, nende zangu, sitakupigia tena. Nadra, utakubali nikuoe?"

Nadra alimtazama. Yule mwenye maneno mengi alikuwa anangoja, na safari hii kweli alikuwa anangoja.

"Ndiyo," alisema.

Ridhwan akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"We! Una nini?"

"Nlijua utasema hapana."

Nadra alicheka mpaka machozi yakamtoka, akateremka garini, akakaa naye mchangani na baibui lake.

"Bi Mize ataniua," alisema Ridhwan. "Hii itakuwa mara ya tatu namtuma kwenu."

"Mpigie aje kesho," alisema Nadra. "Akikataa, nipe simu mwenyewe nizungumze naye."