Miezi Minne ya Vumbi

Shule zilikuwa zinafunguliwa, duka la vifaa limefurika wazazi, na brashi namba sifuri ilibaki moja tu. Mikono miwili iliifikia kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu, mchora mabango, kucha zake zimeganda rangi nyekundu. Wa pili ulikuwa wa dada aliyevaa gauni la kijani, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo.

"Dada, mimi naandikia herufi. Wewe unachora nini?"

"Sichori. Naokota."

"Kwa brashi? Unaokota nini, vumbi?"

"Kwa macho yako, ndiyo, ni vumbi."

Mchoraji akamwachia brashi. Tuseme ukweli, hakuwa na wema kiasi hicho. Alitaka sababu ya kuomba namba ya simu. Dada naye akaitoa, akijifanya ana haraka.

Alikuwa mtafiti wa foraminifera, viumbe vya seli moja vinavyoelea baharini, kila kimoja na ganda lake la chokaa dogo kuliko punje ya sukari. Vikifa, maganda huzama na kulala kwenye tope la chini, tabaka juu ya tabaka. Yeye hulowesha ncha ya brashi, akanasa ganda moja moja chini ya hadubini na kulipanga kwenye kibao cheusi. Kila tabaka lina kibao chake, maganda mia tatu, na aina zake humwambia bahari ilikuwa na joto kiasi gani enzi hizo.

"Habari za vumbi, Daktari?" Ndivyo simu ilivyoanza kila mchana.

"Vumbi halijambo. Umekula?"

"Nitakulaje bila wewe?"

"Kwa mdomo, kama siku zote."

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha Profesa, bosi wa dada, akataka mlango wa kioo uandikwe MAABARA YA VIUMBE VYA BAHARI, na dada akamleta mchoraji wake. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi chini ya ovaroli. Kioo chochote, kabla ya kukiandika, hukipangusa kwa siki ili kitoke mafuta. Alipofika VIUM, rangi ikamwishia. Dada alikuwa kwenye kikao, na juu ya meza yake kulikuwa na vibao vyeusi vilivyojaa vumbi. Mtu akipenda, mikono haitulii. Akavipangusa vyote kumi na viwili kwa kitambaa cha siki mpaka vikang'aa, kisha akatoka kufuata rangi huku anatabasamu.

Siki huila chokaa. Maganda yaliyobaki kwenye kitambaa yaliyeyuka humo humo.

Simu ikalia. "Daktari, umeona nilivyo..."

"Miezi minne umeifuta kwa asubuhi moja. Usirudi hapa."

Ikakatwa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mapenzi yao nayo yalikuwa na umri huo huo. Mchoraji hakusikia habari ya kazi, alisikia anaachwa. Akakumbuka juzi yake alipanda gari la mama mwenye saluni. Ameniona, akajiambia, akaacha kupiga simu kwa aibu. Dada naye akangoja walau pole, asiipate. Kumbe jamaa aliposema vumbi hakuwa anatania. Hilo lilimuuma kuliko vibao.

Wiki mbili mlango ulisomeka MAABARA YA VIUM. Profesa akachoka kuwaeleza wageni, akampigia mwenyewe yule fundi wa herufi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Malizia mlango wangu. Lakini anza na huyo aliye ndani."

Akaenda mpaka mezani kwa dada. "Yule mwenye saluni ni mteja tu. Alinisaidia kubeba makopo."

Dada akainua macho. "Saluni gani?"

"Si ndiyo sababu uliniacha?"

"Nani kakuacha? Ulifuta maganda elfu tatu na mia sita kwa siki yako."

"Maganda gani?"

Akampisha kwenye hadubini, palipokuwa na kibao kipya alichoanza. Fundi akainama, akaona vijimpira vyeupe vimeshikana kama mapovu ya sabuni, kila kimoja na matundu yasiyohesabika. Miezi minne alikuwa akitania, na hakuwahi kuchungulia hata mara moja.

"Haya ndiyo niliyoyaita vumbi?"

"Hayo."

"Yamekaa chini huko tangu lini?"

"Miaka elfu ishirini."

"Muda wote huo yananisubiri mimi na kitambaa changu." Akamgeukia dada. "Nisamehe. Najua haitoshi."

"Haitoshi. Tope la akiba lipo, lakini ripoti ni mwezi ujao. Peke yangu siwezi."

Akatoa mfukoni brashi mpya, namba sifuri. "Mkono wangu hautetemeki. Nifundishe."

Basi kila mchana wakainama meza moja, bega kwa bega. "Usibonyeze," dada alimwambia. "Lowesha, gusa, subiri lishike lenyewe." Hasira ilimtoka taratibu, kibao baada ya kibao. Mlango ukaendelea kungoja.

Siku ya kibao cha kumi na mbili fundi akaweka ganda la mwisho. "Mia tatu," akasema, bila kuinua kichwa. "Nataka kuja kwenu na mama yangu."

Dada alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Baba atakuuliza unafanya kazi gani."

"Nimwambieje?"

"Mwambie tunaokota vumbi."

"Tunaokota?"

"Umesikia."

Jioni hiyo akamalizia mlango. Kioo alikipangusa kwa maji matupu.