Fidla Iliyoendelea Kulia

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya safu mbili za viti, mkono mmoja umenasa chini ya kiti kama wa mtu aliyekuwa akitafuta kitu alichoangusha.

Inspekta alichuchumaa, akaitazama bila kuigusa, kisha akainua macho. Juu ya viti hivyo ilitokeza roshani ya ukumbi, yenye ukingo wa mbao uliofika kiunoni mwa mtu mzima.

"Nani huyu?"

"Mkurugenzi wa Jumuiya ya Muziki wa Ala, Afande," alijibu Sajenti. "Yeye ndiye aliyeianzisha. Wote hapa wanamwita Maestro. Leo jioni walikuwa na onyesho, na haya yalikuwa mazoezi ya mwisho."

"Alikuwa anafanya nini huko juu?"

"Anasikiliza. Wanasema kila mazoezi lazima apande roshani, aegemee ukingo, asikie muziki unavyowafikia watu wa tiketi za bei nafuu."

"Yaani mimi na wewe."

"Wewe, Afande. Mimi hata bure siendi."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kumwona mtu vizuri. Alipanda ngazi za roshani akakuta hakuna kiti kilichopinduka. Juu ya sakafu lilikuwepo bango moja la onyesho, limekunjwa mara mbili kisha likakunjuliwa. Katikati ya bango palikuwa na picha ya mvulana aliyekumbatia selo, lile fidla kubwa linalopigwa mtu akiwa ameketi. Mvulana anacheka mpaka gego linaonekana. Chini yake yameandikwa maneno: TUNAINUA VIPAJI VYA MITAANI.

"Lichukueni hili," aliwaambia mafundi wa alama za vidole.

Jumuiya ile ilikuwa na wapigaji wanne tu: fidla ya kwanza, fidla ya pili, viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na selo. Walizunguka mkoa mzima wakipiga kumbini, mashuleni, mawodini, hata magerezani. Kila mwaka walimwagiza mtunzi mmoja awaandikie muziki mpya. Safari hii mtunzi alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya kulalamika, na ndiye Inspekta aliyeanza naye.

"Ulikuwa wapi alipoanguka?"

"Kiti cha mbele kabisa, nafuatilia karatasi zangu. Kilikuja kishindo nyuma yangu. Nikajua taa imeanguka."

"Mlikuwa na ugomvi wewe naye?"

"Alitaka kukata kurasa zangu za mwisho."

"Ukamchukia?"

"Afande, muziki ukikatwa unaandika mwingine. Mkurugenzi akifa, nani atanipa kazi tena? Mimi ndiye niliyepata hasara kuliko wote humu."

Alisema kweli, na alisema bila aibu. Inspekta akamwacha aende.

Mpiga selo aliingia akiwa amelowa jasho. Alikuwa pande la mtu, wenzake wakimwita Bonge, na kiti alichopewa kililia alipokikalia.

"Jana ulimwambia marehemu kwamba ipo siku atalipa," Inspekta alisema. "Mhudumu wa ukumbi amekusikia."

"Nilisema. Na ningesema tena."

"Alipe nini?"

"Dharau, mama. Anawatukana watu mbele za watu. Lakini mimi nilikuwa jukwaani na selo katikati ya magoti. Na mwili huu, ningeinuka mimi pale, ukumbi mzima ungejua."

"Wenzako je?"

"Tulikuwa tunapiga. Wote wanne."

Wote walisema hivyohivyo. Walikuwa wanapiga. Mpiga fidla ya kwanza, mama mtu mzima, aliapa kwa watoto wake. Mpiga viola, mzee aliyekaribia kustaafu, alilia kiasi kwamba Sajenti ilibidi amletee maji. Wa mwisho alikuwa mpiga fidla ya pili, dada mwenye umbo dogo na sauti ya chini. Wenzake walimwita Mpole.

"Nasikia wewe hukuwa jukwaani."

"Muziki wenyewe unataka hivyo," Mpole alijibu. "Kuna mahali fidla ya pili inatoka nje, inapigwa kutokea kwenye korido, isikike kama inatoka mbali. Nilikuwa koridoni nikipiga. Wote walinisikia."

"Halafu?"

"Nikasikia kishindo. Nikaacha kupiga papo hapo, nikakimbilia ukumbini. Nikamkuta pale chini." "Masikini Maestro."

Inspekta alivua miwani, akamtazama kwa muda, akaivaa tena. "Pole sana," alimwambia.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilifika siku iliyofuata. Daktari hakutaka kuiandika tu, alipiga simu mwenyewe.

"Shingo imevunjika, hilo ni la kuanguka. Lakini ana michubuko ya vidole kwenye vifundo vyote viwili vya miguu."

"Maana yake?"

"Mtu aliinama nyuma yake, akamshika miguu, akamnyanyua. Aliyeegemea ukingo ukimnyanyua miguu, uzito wake wenyewe unammaliza. Haihitaji nguvu nyingi."

"Mwanamke anaweza?"

"Yeyote anaweza. Na kuna kitu kingine. Soksi zake zina unga mweupe unaonata kidogo. Nimeupeleka maabara."

Maabara hawakuchelewa. Unga ule ulikuwa wa ulimbo mkavu, utomvu ambao wapigaji huupaka kwenye nywele za upinde ili ushike nyuzi. Maestro mwenyewe hakuwa amegusa fidla kwa miaka mingi, tangu vidole vyake vilipokakamaa.

"Basi ni mmoja wa wale wanne," alisema Sajenti. "Na wote wanne walikuwa wanapiga. Tumekwama, Afande."

"Mmoja alikuwa koridoni. Na ngazi za roshani ziko wapi?"

"Koridoni. Lakini walimsikia akipiga! Nimewauliza mmoja mmoja."

"Uliwauliza alipiga mpaka lini?"

Sajenti akajikuna kisogo.

Walirudi ukumbini mchana huohuo. Inspekta aliwaketisha jukwaani mtunzi na wapigaji watatu. Mpole hakuitwa.

"Nataka mnieleze kishindo kile, na kilichofuata. Polepole."

"Tuliacha kupiga," alisema mama wa fidla ya kwanza. "Mimi nilipiga kelele."

"Nami niliinuka," Bonge alisema. "Nikaita jina lake."

"Na muziki?"

"Ulikatika."

"Haukukatika," mtunzi aliingilia kwa ile sauti yake ya kulalamika. "Samahani, lakini haukukatika. Ninyi mliacha, yeye kule koridoni akaendelea. Alipiga sehemu yake mpaka mwisho, taratibu, vizuri kabisa. Nilimkasirikia. Nilijiambia, huyu dada hana masikio? Watu wanapiga mayowe, yeye anapiga fidla!"

Mzee wa viola alitikisa kichwa taratibu. "Kweli," alisema. "Nilikuwa nimeshamshika marehemu mkono, fidla bado inalia."

Inspekta alimtuma Sajenti apande roshani na gunia la mchanga. Yeye akaenda kusimama koridoni, mlango ukiwa umefungwa. Gunia lilipoangushwa, vioo vya korido vilitetemeka.

Aliporudi alimuuliza mtunzi swali moja tu. "Wazo la fidla ya mbali ulilitoa wapi?"

"Lake mwenyewe. Mpole. Nilirudi naye kwenye gari moja baada ya kupiga kwenye hospitali ya watoto. Akaniambia, 'Ungeniandikia sehemu nipige kutoka nje, kama mtu aliyeachwa.' Nikalipenda."

Sasa Inspekta alikuwa na njia, lakini hakuwa na sababu. Alilikunjua bango juu ya piano na kuweka kidole kwenye picha ya mvulana.

"Nani huyu?"

Mama wa fidla ya kwanza na mzee wa viola hawakumjua; walijiunga miaka ya karibuni. Katibu wa jumuiya, aliyeitwa kutoka ofisini kwa kuwa ndiye aliyelipeleka bango kiwandani kuchapwa, alisema Maestro ndiye aliyeichagua picha kwa sababu ilikuwa inachangamka. Bonge peke yake ndiye aliyegeuza uso.

"Chiriku," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Yuko wapi?"

"Kaburini, mama. Hilo ndilo lililonigombanisha na Maestro juzi. Nilimwambia, unawezaje kumweka marehemu kwenye tangazo, wala hukwenda kumzika? Akaniuliza, 'Kwani yule alikufa?'"

Inspekta aliketi. "Alikuwa na ndugu?"

"Alikuwa na dada. Msichana mwenye sare ya shule, alikuwa akija kumngojea mlangoni. Hakuwahi kuingia ndani hata siku moja. Sura yake siikumbuki."

Alipotamka hayo alisita, akalitazama lile bango upya, pale kwenye macho ya mvulana na upana wa paji lake la uso. Taratibu akaketi ukingoni mwa jukwaa, miguu yake ikining'inia.

"Mungu wangu," Bonge alisema.

Mpole alikamatwa nyumbani. Alifungua mlango akiwa amevaa viatu tayari. Kwenye mfuko wa fidla yake walikuta spika ndogo isiyozidi kiganja, na ndani ya simu yake kulikuwa na sehemu ya fidla ya mbali, aliyoirekodi mwenyewe. Alama za vidole vyake zilikuwa zimejaa kwenye bango.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na feni iliyozunguka bila kupuliza upepo wowote. Inspekta alimsomea haki zake, kwamba anaweza kukaa kimya na anaweza kumsubiri wakili.

"Nimekaa kimya vya kutosha," Mpole alisema.

"Ulimuua?"

"Ndiyo."

Sajenti aliacha kuandika, akamtazama, kisha akaandika.

"Walikuja mtaani kwetu na ala zao," Mpole alianza. "Kaka yangu alikuwa mdogo. Wenzake waligombania fidla, yeye akaenda moja kwa moja kwenye selo, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Hakujua kunyamaza, basi Maestro akampa jina hapohapo, mbele ya watu. Chiriku. Tukaacha kumwita jina lake, hata nyumbani."

"Akamchukua."

"Akamzungusha mkoa mzima. Kila penye wafadhili, Chiriku anawekwa mbele. 'Tazameni, huyu tumemtoa matopeni.' Matopeni! Mama yetu alikuwa anadeki nyumba mpaka unaweza kulia chakula sakafuni."

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Halafu akaota ndevu. Sauti ikawa nzito, miguu mirefu. Hakuna mfadhili anayelia machozi kwa sababu ya kijana mwenye ndevu. Siku ya onyesho moja, mwishoni, Maestro alipanda jukwaani akaichukua selo mikononi mwa Chiriku, akamkabidhi mtoto mwingine, mdogo, mzuri wa kupigwa picha. Watu wakapiga makofi. Kaka yangu naye akapiga makofi, hakuwa ameelewa. Alielewa nyumbani."

"Ikawaje?"

"Alikuwa akikaa kitandani anabonyeza vidole juu ya mkono wake mwenyewe, kama ndio nyuzi. Akidhani hatumwoni. Kisha siku moja akajitoa uhai." "Maestro hakuja. Hakutuma hata salamu."

"Ndipo wewe ukaanza fidla."

"Nilijifunza kama mwizi anavyojifunza kufungua kufuli. Siupendi muziki, Afande. Mpaka leo siupendi. Mimi na kaka yangu tulichangia mama tu, kila mtu na ubini wake, kwa hiyo nilipokwenda kufanyiwa majaribio hakuna aliyeshtuka. Nikakaa karibu yake, namsikiliza akizungumzia vipaji. Nikasema, siku moja atamtaja. Siku moja atalala vibaya akiamka amtaje."

"Hakumtaja?"

"Alimweka kwenye bango."

Feni ilizunguka. Inspekta aliuliza kwa sauti ya chini, "Spika uliiandaa. Ulikwisha kuamua."

"Niliamua nimuulize. Nilipanda roshani, spika imebaki koridoni inapiga. Alikuwa ameegemea ukingo, amefumba macho, anafurahi. Nikampa bango. Nikamwambia, 'Maestro, huyu kijana anaitwa nani?' Akalitazama. Akasema, 'Huyu… nani vile… yule wa selo.' Nikamwambia, 'Sitaki jina lake. Niambie hata lile ulilompa wewe.' Akacheka. Akaliangusha bango chini, akasema, 'Dada, watoto wale walikuwa wengi. Rudi ukapige.' Akanigeuzia mgongo."

Alitandaza mikono yake midogo juu ya meza.

"Angejibu, ningeshuka nikapiga fidla yangu. Hakujibu. Nikainama."

"Unajuta?"

"Hapana."

Alisema akiwa amenyoosha shingo, na usoni mwake palikuwa na nuru ambayo Inspekta aliwahi kuiona kwa wauaji wachache sana. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Alasiri mama yake alifika kituoni, mwanamke mrefu aliyetembea akishika ukuta. Sheria haikumlazimisha Inspekta kumruhusu. Alimruhusu.

Mpole aliinuka. "Mama, nimemlipia Chiriku."

Mama yake alimtazama toka juu mpaka chini.

"Nani alikutuma?"

"Mama…"

"Nauliza, nani alikutuma? Mimi? Au kaka yako aliinuka akakutuma? Nilikuwa na mtoto mmoja kaburini na mmoja mezani kwangu. Kila jioni nilikuwa napakua sahani mbili nashukuru Mungu. Leo nikapakue ya nani?"

Mpole alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ya polisi, ya daktari, ya hakimu, ameyatayarisha tangu akiwa na sare ya shule. La hili hakuwa nalo. Ile nuru ilizimika usoni, akajikuta amekaa sakafuni ameshika pindo la gauni la mama yake.

Mama hakumwinua. Hakuuondoa mkono wake pia.

Inspekta alimwashiria Sajenti watoke, akaurudisha mlango taratibu.