Mabaki Yaliyofungwa kama Zawadi

Kila Jumatatu jioni Mama Losivale alifunga mabaki ya chakula kama mtu anayefunga zawadi. Maganda ya magimbi, mifupa ya samaki, majani ya chai, vyote alivitia katika mfuko wa plastiki akapiga fundo. Akautia katika mfuko wa pili, fundo tena. Kisha aliulaza taratibu katika pipa la mabaki, lile la kifuniko cha kijani, akalisukuma hadi kando ya barabara.

"Mama, unamlaza mtoto mchanga?" binti yake Sieni alimtania.

"Cheka tu. Mama yangu kule Samoa alinifunza, mabaki hayapewi mtu yakiwa wazi. Mzoa taka naye ana pua."

Jumanne gari la taka lilipita, likaliacha pipa lake limejaa. Kwenye kifuniko palibandikwa karatasi nyekundu. Hiyo ilikuwa ya pili.

Sieni aliisoma. "Plastiki hairuhusiwi. Ikija ya tatu, pipa linachukuliwa."

Mama Losivale alikaa kwenye ngazi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mtaa mzima. Ndani yake mapipa ya majirani yalisimama tupu, vinywa wazi, kama kwaya inayoimba bila sauti.

"Miaka ishirini na sita nipo mtaa huu," alisema polepole. "Leo nimekuwa mchafu?"

Kutoka kwenye ukungu alitokea mwanamke mwenye kizibao cha rangi ya chungwa. Alikuwa Maree, mkaguzi wa mapipa wa halmashauri. Alisikia maneno hayo. Alikuwa na mtaa mzima wa kukagua, lakini alichuchumaa, akavaa glavu, akaanza kufungua mafundo.

"Wewe si mchafu, Mama. Wewe umezidisha usafi! Mabaki haya hayazikwi jalalani. Yanarundikwa, yanaoza, yanakuwa mboji ya mashamba. Plastiki haiozi. Inakatika vipande, inabaki kwenye udongo."

"Na wale vijana wa gari? Harufu je?"

"Gari linainua pipa kwa mkono wa chuma. Mkono wa chuma hauna pua."

Sieni aliangua kicheko. Mama Losivale alijaribu kununa, akashindwa.

"Funga kwa gazeti," Maree alisema. "Gazeti linaoza. Na mifupa ya samaki iweke kwenye friza mpaka siku ya gari."

Wiki iliyofuata Mama Losivale alikunja magazeti. Alfajiri alilala macho wazi, akisikiliza. Gari likaja, likanguruma, likaenda. Alitoka na kanga yake mabegani. Pipa lilikuwa tupu. Karatasi haikuwepo.

Mwezi wa Agosti halmashauri iliwaalika watu kuona mahali mboji inapotengenezwa. Asubuhi ilikuwa baridi. Marundo makubwa yalitoa mvuke mweupe, yakafanana na vilima vinavyopumua.

Mama Losivale alichomeka mkono katika rundo moja. Akauacha humo.

"Lina joto, Sieni. Kama mtu aliye usingizini."

"Ndiyo, Mama."

"Maskini," alinong'ona. "Nami kwa mifuko yangu nilikuwa nalibana pumzi."