Salamu Nyuma ya Viti

Gari la mteja lilikuwa limezimwa tangu jana, funguo ziko mfukoni mwa Dismasi, lakini nyuma ya viti vyake viwili kulikuwa na kitu kinahema. Taratibu, kama mzee aliyelala baada ya kula.

Dismasi alijifanya hasikii. Fundi wa mtaa wa Rusimbi akianza kuogopa gari, habari inafika Ujiji kabla hajanawa mikono.

Na jana alikuwa keshaaibika. Alifungua boneti mbele ya watu, akakuta tairi la akiba na mwavuli. Jovita, muuza chapati wa pale mlangoni pa gereji, alicheka mpaka akaziunguza.

"Fundi, injini wameiacha Bujumbura?"

"Iko katikati, dada. Magari ya mbio ndivyo yalivyo."

"Katikati wapi, tumboni? Basi lizalishe."

Neno lile lilimchoma. Yeye na mkewe Eufrasia walikuwa mwaka wa kumi na moja wakingoja mtoto, na Jovita alijua. Nani asiyejua?

Asubuhi hii aling'oa kiti cha dereva, akakunja kapeti, akafungua boliti sita za bamba la chuma. Ikapatikana nafasi ya mkono mmoja tu, jicho halifiki. Harufu ikatoka, si ya oili. Ya maji ya ziwa na udi. Akaingiza mkono hadi begani, akipapasa plagi.

Mkono ukashikwa.

"Mwakeye," sauti ikamsalimu chini kwa chini, kwa Kiha cha wazee.

Na yeye, Muha aliyelelewa vizuri, akaitikia kabla hajafikiri. "Mwakeye."

Salamu ya Kiha ukishaipokea huikatishi njiani, na ule mkono, baridi, laini, wenye vidole vingi kuliko inavyotakiwa, ukaendelea kumtikisa polepole, sauti ikamuuliza habari za ng'ombe, akasema wazima ingawa hana hata kuku, ikamuuliza za mama yake, akasema mzima, ikamuuliza za Eufrasia kwa jina, akasema mzima, jasho likimwingia machoni na bega likivutwa ndani kidogo kwa kila jibu, mpaka shavu lake likagandana na chuma.

"Na mtoto?"

Hapo hata wa kufa kesho husemwa mzima, ndiyo adabu. Lakini uchungu wa miaka kumi na moja ukautangulia ulimi.

"Hayupo," akanong'ona. "Niachie. Mtoto hayupo."

"Haya," sauti ikasema kwa upole. "Kama kwako hayupo."

Mkono ukamwachia. Injini ikawaka yenyewe.

Yasmini, mwenye gari, alikuja kulichukua anacheka kwa furaha. Dismasi akaenda nyumbani, akamkuta Eufrasia amekaa sakafuni, khanga imelowa damu, kadi ya kliniki mkononi.

"Asubuhi wameniambia nina mimba ya miezi mitatu, baba. Nilikuwa nakuja gereji nikwambie. Njiani..."

Simu ikaita.

"Fundi," Yasmini alisema kwa sauti ya chini, "gari linakwenda vizuri. Ila nyuma ya viti kuna kitu kinalia. Hebu sikiliza."

Akaisogeza simu karibu nacho. Chumba kizima kikasikia kilio cha mtoto mchanga.

Eufrasia ndiye aliyesimama kwanza. Akajifunga khanga kavu, akaanza kutafuta viatu.