Kitabu cha Kusomea Karata

Watu walimwagika kutoka kwenye treni ya jioni, kila mmoja na haraka zake, na katikati yao mwanamke mmoja akasimama kama aliyesahau anakokwenda. Alivaa gauni la njano na sweta ya kijivu, na kwenye nywele, juu tu ya sikio, alikuwa na chembe za sukari ya unga. Alikuwa anaitazama meza ya vitabu vya mitumba chini ya ngazi za stesheni.

Mwenye meza hiyo wenzake walimwita Profesa. Ulikuwa utani, kwa kuwa alisoma kila alichokiuza na miwani yake ilishikiliwa na uzi upande mmoja.

"Karibu dada. Unatafuta nini?"

"Kitabu."

"Basi umefika penyewe. Ungesema viatu ningekuonea huruma."

Mwanamke akataka kutabasamu, akashindwa. "Nataka cha kujifunzia kusoma karata za tarot. Zile za kutabiri."

Profesa akachomoa viwili chini ya rundo. Kimoja kilikuwa kinene kama tofali. Kingine kilikuwa chembamba, na jalada lake la zambarau lilimwahidi msomaji kuwa mtabiri kamili kwa siku moja. Mwanamke akakinyakua kile chembamba. Profesa akakivuta taratibu kutoka mikononi mwake.

"Hiki sikuuzii. Anayekufundisha kwa siku moja, kesho ukikwama utampata wapi? Na hiki kinene kitakuchosha hata hujaigusa karata. Karata zenyewe unazo?"

Akazitoa mkobani, zimefungwa kwa kitambaa. Profesa akazitandaza juu ya vitabu: mnara unaowaka moto, mwanamke anayemimina maji chini ya nyota, mtu aliyening'inizwa mguu mmoja na uso wake umetulia.

"Michoro ya kitabu lazima ifanane na ya karata zako," akasema. "La sivyo utasomewa jua na mbele yako kuna mwezi. Nipe muda nikutafutie. Unataka kuziuliza nini?"

Mwanamke akasita. "Kuna mtu aliondoka. Nataka kujua kama atarudi."

Profesa akazifunga karata kwenye kitambaa chake, polepole kuliko ilivyohitajika. "Niachie namba. Niandike nani? Au niandike Sukari?"

Alikuwa anamtazama nywele. Mwanamke akajipangusa kwa aibu. "Napamba keki," akasema.

Kesho yake simu ya Sukari ikalia kwenye duka la keki alikofanya kazi, wakati anachora waridi la krimu.

"Sukari, nimepata kimoja, ila mwandishi anajigamba kuliko anavyofundisha."

"Kiache basi."

"Nimeshakiacha. Nimepiga kukuambia kwamba nimekiacha."

"Kwa hiyo utanipigia kwa kila kitabu kisichofaa?"

"Visivyofaa ni vingi, namshukuru Mungu."

Akacheka, na wenzake wakageuka kumtazama, maana hawakuwa wamemsikia akicheka tangu mvua zilizopita.

Kilichofaa kilipatikana hatimaye. Hakikuwa kinene wala chembamba, pembe za kurasa zake zilikunjwa na mtu wa zamani, na kila karata ilichorwa ukurasa mzima. Kilimtaka msomaji aitazame picha kwanza, aseme anachokiona, ndipo afunue maana. Wakawa wanakisoma pamoja kila baada ya kazi, wamekaa kwenye ngazi, vidole vya Sukari vikinukia vanila.

"Unaona nini hapa?" Profesa aliuliza siku moja.

"Mtu na fimbo yake, anakaribia kutumbukia korongoni, na wala hatazami."

"Huyo ni mimi. Toka siku uliyokuja mezani kwangu."

"Wewe hujatumbukia bado, Profesa. Unachungulia tu."

"Nisukume basi, mpenzi."

Hakumsukuma. Alimlalia begani mpaka treni mbili zikapita. Lakini kila Profesa alipouliza huyo aliyeondoka ni nani, Sukari alifunga kitabu.

Mchana mmoja Profesa akaenda kumsubiri nyuma ya duka la keki. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Sukari alikuwa amewapa mgongo wenzake, simu mdomoni, anaacha ujumbe wa sauti. "Kipenzi changu, washa simu. Rudi hata mikono mitupu. Hakuna atakayekuuliza neno. Rudi tu."

Profesa aliondoka bila kugonga. Siku zilizofuata simu yake iliita bila kupokelewa, na Sukari alipomfuata mezani alimkuta anapanga vitabu vilivyokwisha pangwa.

"Karibu. Kuna kitabu kingine unatafuta, dada?"

"Leo mimi ni dada?"

"Tuseme mteja."

Uchovu wa Sukari ulikuwa umeizidi hasira yake. Akaweka kile kitabu mezani, akapotelea ndani ya watu.

Profesa alijiambia yamekwisha. Yakawa hayaishi. Mwishowe alikibeba kitabu mpaka dukani, akisingizia kwamba mali ya mtu lazima imrudie. Mfanyakazi mwenza wa Sukari akamtazama juu chini.

"Hajaja kazini. Mama yake hali chakula. Toka yule mdogo wao apotee, nyumba ile si nyumba tena."

"Mdogo wao?"

"Kitindamimba. Alivuka mpaka kwenda kazi ya ujenzi, simu ikazimika. Wamekwenda polisi, waliompeleka wamewauliza, hakuna anayejua. Yule dada mtu kila siku anaongea na simu iliyozimwa. Hakukwambia?"

Profesa aliuliza njia ya kwao.

Mlango ulikuwa wazi, na mama alikuwa amekaa palepale kizingitini kwenye kiti cha mbao, kanga mabegani, macho barabarani. Sukari alikuwa amechuchumaa mbele yake na bakuli la uji uliopoa. Alipomwona Profesa, alitazama pembeni.

"Nilikusikia dirishani," Profesa akasema. "Nikajijibu mwenyewe. Nisamehe."

"Ningekwambia nini? Kwamba mama alikuwa anakwenda kila wiki kwa mwanamke anayetabiri kwa karata, anaambiwa mwanao yuko njiani, anarudi kulala hapa mlangoni? Nilitaka nijue yule mwanamke anaona kweli au anatudanganya. Sasa nimejifunza. Nazifunua, na ninasema yale yale anayosema yeye."

"Zifunue," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hujazifunua leo."

Sukari akazileta. Mama akachagua moja. Ilikuwa ule mnara unaowaka, watu wakianguka madirishani. Binti aliitazama muda mrefu. Profesa aliona midomo yake ikitafuta uongo wa jana na kuukosa.

"Sijui, mama," akasema. "Sijui yuko wapi. Sijui kama yu hai. Karata hazijui, na mimi sijui."

Akaanza kulia kimyakimya, karata mkononi. Mama akamwekea kiganja kichwani.

"Nilijua hujui, mwanangu. Hata yule mwanamke hajui, mimi si mtoto."

"Sasa ulikuwa unaenda kufanya nini?"

"Kule anatajwa. Naketi, anauliza, mwanao ana umbo gani, anapenda nini, nami namweleza. Hapa mmefunga midomo wote, mnaogopa nitavunjika. Mwanangu amepotea mara mbili."

Kisha Profesa akavuta kigoda, akaketi.

"Nieleze mimi, mama. Ana umbo gani?"

Mama akaeleza. Mrefu, goti moja lina kovu la baiskeli, akila anaimba, akikosa anacheka kwanza ndipo aadhibiwe. Sukari akaongeza jinsi mdogo wake alivyowahi kula mawaridi yote ya keki ya harusi ya watu, akacheka huku machozi yanamtiririka, na mkono wake ukamtafuta Profesa. Akaushika. Katikati ya maneno mama akachukua kijiko, akala uji ule wa baridi. Hawakuthubutu kumtazama.

"Mkono huo umeuomba kwa nani?" mama akauliza ghafla.

"Ndiyo nimekuja kuuomba, mama."

Sukari akainua uso. "Profesa, mimi sina furaha ya kukupa sasa hivi."

"Sijaja kuchukua furaha, mpenzi."

"Hii ni nyumba ya watu wanaosubiri, baba," mama akasema. "Pengine tunasubiri asiyekuja."

"Nitasubiri nanyi."

Mama akamtazama sana, na yale macho yaliyozoea barabara yakakawia kwake.

"Basi sogeza kigoda," akasema. "Hapo ulipokaa upepo unakupiga."