Mstari Mtupu wa Mzee Asajile

Majina kwenye kompyuta yalikuwa mia mbili na kumi na moja. Makro, programu ndogo ya kuhesabu, ikasema mia mbili na kumi na mbili. Dainess, karani wa chama cha wakulima wa chai pale Bulyaga, alikuwa ameiandika mwenyewe ihesabu mistari iliyojazwa. Akaibonyeza tena. Mia mbili na kumi na mbili. Jamani!

"Orodha ya mbolea inatakiwa leo," alifoka Gidion, katibu, ambaye naye alikuwa orodhani kama mkulima wa Kawetele. "Isipolingana, kesho usije. Wenye vyeti wamejaa hapa Tukuyu."

Na kibarua hicho ndicho kilichomlisha mwana wa Dainess. Akashuka na majina mpaka kwenye mstari mtupu, alipokuwa amelifuta la mzee Asajile, aliyezikwa Lufingo juzi. Makro ilikuwa ikiuhesabu kana kwamba umejazwa. Akauondoa mstari wote, ukarudi. Akauondoa tena, akisaga meno kwa hasira; ukarudi, na ofisi ikanuka majani mabichi ya chai yaliyolowa, wakati wiki nzima hakuna aliyeleta hata kapu moja.

Bibi Tusekile, mfagiaji, akasimamisha ufagio.

"Mwanangu, umemfuta nani?" akanong'ona.

"Marehemu Asajile."

"Matanga hayajaanuliwa! Bado yumo kwake, wewe unamfukuza? Mrudishe upesi."

Dainess aliijua sana miiko hiyo. Haraka tu ndiyo iliyomponza. Akaliandika jina. Hesabu ikalingana, harufu ikakatika. Nusura alie kwa furaha.

"Maiti anapewa mbolea?" Gidion akamsukuma kando, akaketi, akalifuta. "Mzimu gani! Upuuzi mtupu."

Uani mizani ya chai ikagonga, kana kwamba kapu limetundikwa, na ukungu ukaingia mlangoni mchana kweupe, harufu ikarudi nzito mpaka wakakohoa, na kitu chenye nyayo za tope kikapita nyuma ya Dainess, polepole, kikijikokota kuelekea kiti cha katibu, naye Dainess akafumba macho akimwita Yesu kwa sauti isiyotoka.

Alipofumbua, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa chapachapa. Simu ya Gidion iliita mezani, alikuwa mkewe. Kwenye orodha, mistari mitupu ilikuwa miwili.

"Andika," Bibi Tusekile akanong'ona. "Anza na mzee."

Akaandika Asajile, likakaa. Akaandika Gidion, likafutika herufi moja moja, kuanzia mwisho. Akaandika tena huku akilia. Likafutika.

Akabonyeza makro. Mia mbili na kumi na mbili. Majina yalikuwa mia mbili na kumi na moja.